Mfagiaji wa Ghala la Pareto

Mfagiaji alivua kofia kila alipoingia kwenye ghala la pareto walimosali Jumapili, hata kama ndani hamna mtu. Mchungaji Naftaly alishachoka kumwambia, "Mzee, hili ni ghala tu. Kanisa ni sisi tuliobatizwa." Mfagiaji aliitikia ndiyo, kisha akaendelea kufagia polepole, mikono yake iliyopasukapasuka ikipitisha ufagio kando ya nguzo kana kwamba nguzo zina vidonda. Kama kanisa ni watu, alijiuliza, yeye basi anafagia nini?

Jumapili moja nyapara wa shamba, aliyekuwa amebatizwa bwawani wiki hiyo, aliomba kupokewa kanisani. Mchungaji akauliza, "Kanisa linasemaje? Anayekubali ainue mkono." Wote wakainua, isipokuwa mfagiaji. Mgongoni bado alikuwa na alama za kiboko cha nyapara huyohuyo.

"Amebaki mmoja," mchungaji akasema. "Bila yeye kanisa halijasema. Tutamngoja."

Mfagiaji alichanganyikiwa. Tangu aje shamba hili, miaka kumi na minane, hakuna mtu aliyewahi kumngoja. Aliangalia ukuta, akaangalia mlango, akaona havina neno la kumwambia. Basi akafanya alilozoea kufanya kila asubuhi: akamgeukia nyapara, akasimama wima, akangoja amri.

"Nifanye nini, bwana?"

Nyapara alikuwa ameikunja kofia yake mikononi kama kitambaa cha kufutia vyombo.

"Sijui, mzee," akasema. "Leo mimi ndiye ninayekungoja wewe."