Mama Ange Anataka Nyama ya Kakonko

Fundi Bazilio anashona kwenye baraza la duka langu hapa Kasulu, na ni mtu aliyeumbwa na wasiwasi. Akitaka kukata kitambaa anapima, anapima tena, halafu ananiita nikahakikishe kama amepima sawa, mimi muuza sabuni na chumvi. Basi tangu mama mkwe wake alipompigia simu kutoka kijijini kwake Kumsenga, kule Kibondo, cherehani ilinyamaza kabisa.

"Mabukwe anataka nyama choma ya Kakonko," aliniambia. Kwao mabukwe ndiye mama mkwe.

"Si umpeleke. Tatizo liko wapi?"

"Hospitali watamng'oa meno yaliyobaki. Anataka ale mbuzi kabla hayajang'olewa. Amesema nimpeleke mimi, tukale."

Lile neno la mwisho alilitamka kama mtu anayesoma hukumu. Wazazi wake waliingia nchini wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, yeye sasa ni Mtanzania kama mimi, lakini kwenye mambo ya ukwe familia zao hazijapunguza hata kidogo. Mama mkwe hawezi kula mbele ya mkwe wake. Miaka yote ya ndoa yake na Ange, Bazilio hakuwahi kumwona yule mama akitia hata tonge moja mdomoni. Akienda Kumsenga anapakuliwa, anaachiwa chumba, mama anakula zake jikoni. Ange alifariki mwaka juzi, na hawakujaliwa mtoto. Bazilio hakuacha kwenda. Anabeba sukari, anaziba paa linapovuja, anapakuliwa, anakula peke yake, anarudi.

Mimi babu yangu ni mtu wa Tanga, na haya mambo ya kujificha na sahani huwa nayaona vichekesho. Nikamwambia, "Fundi, mama mzima amesema mkale. Kaa naye mle, mambo yaishe."

Hakucheka. "Huko kuisha ndiko ninakoogopa, dada Mwanaheri."

Akaanza kuikunja na kuikunjua futi yake ya kupimia huku akinieleza. Ndugu za mama wamekuwa wakimwambia amwachie kijana wa watu aoe kwingine. Na mtu ambaye si mkwe wako tena, unakula mbele yake bila haya, kama mbele ya mpita njia. Huenda mama ameshaamua. Huenda hiyo nyama ndiyo kuagana.

"Wazazi wangu walirudi Burundi, wakafia huko," alisema. "Nimebaki na yeye tu. Akila nikiwa namwona, mimi nitakuwa nani kwake?"

"Muulize basi."

"Utaanzaje kumuuliza mabukwe jambo kama hilo?"

Kicheko kikaniisha.

Badala ya kuuliza akaanza kupanga. Alimpigia Venanti, mwenye jiko la nyama pale Kakonko, kutaka kujua kama kuna ukuta kati ya meza na meza. Venanti akamuuliza anakuja kula au kujenga. Akapiga tena kuuliza mabenchi yanatazama wapi. Wiki hiyo alishona shati la shule mikono yote miwili ya kulia, na mama wa mtoto akaja kugomba na mimi, kana kwamba baraza ndilo lililoshona. Mwisho nikamnyang'anya simu nikauliza langu: anachinja nani hapo?

"Anachinja Abdulrahmani, mama. Na kitimoto hakijawahi kuingia hapa."

Basi na mimi nikaingia kwenye safari. Mpango wa Bazilio ulikuwa hivi: mimi nikae mezani na mama, tule wawili, yeye akae kule jikoni ametupa mgongo. Asipoona, hatajua. Na asipojua, atabaki mkwe.

Mama Ange tulimkuta stendi ya Kibondo, mwembamba, kitenge mabegani, kiganja shavuni kwa maumivu. Alisalimiana na Bazilio bila kutazamana usoni, tukaendelea hadi Kakonko. Yote yakaenda kama yalivyopangwa mpaka nyama ilipoiva.

Venanti ana sheria yake, na hakuna aliyekumbuka kuiuliza kwenye simu. Nyama haikatwi mpaka walaji wote wawe wamekaa. Alisimama na paja zima la mbuzi juu ya ubao, kisu mkononi, akaita, "Yule aliyenisumbua na mabenchi yuko wapi? Aje akae."

Bazilio akaja. Akakaa ukingoni mwa benchi, macho kwenye chumvi. Venanti akakata, akaweka ndizi, akaenda zake.

Hakuna aliyegusa. Niliogopa kweli. Yule mama alikuwa ametoka mbali kwa ajili ya nyama hii, na meno yake yalikuwa na siku za kuhesabu, lakini moyoni nilikuwa namwomba Mungu mama asile. Mimi niliyesema mambo yaishe.

Mama Ange akanyoosha mkono, akachagua kipande chenye mafuta. Bazilio akafumba macho.

Mama akakiweka kipande kwenye kiganja. Akavuta kitenge kutoka mabegani, akakipandisha kichwani, akakishusha hadi kifuani, kisha akajigeuza na kuutazama ukuta. Tukaanza kusikia meno mabovu yakihangaika na mbuzi humo ndani, polepole, kwa muda mrefu.

"Mkwe wanje," ilisema sauti ndani ya kitenge, yaani mkwe wangu, "chumvi iko wapi?"

Bazilio akafumbua macho. Akaisukuma chumvi kwa mikono miwili mpaka ikamgusa mama kiwiko, na yeye machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Wakishaning'oa haya meno, utakuja kuniona?"

"Ego, mabukwe. Ndiyo, nitakuja."

"Uje. Nitakupikia, nitakuachia chumba."

Bazilio akachukua kipande chake, akageukia upande wa barabara. Wakala hivyo, wamepeana migongo, na mimi katikati na ubao wa nyama, na sikuona kichekesho popote.