Mpaka rangi ya vipimo vya koo

Mpaka rangi wa maabara ya hospitali moja mjini Shinyanga ana vidole vinene vya mkulima wa pamba, lakini kipande cha nyama ya koo hukikata kwa mashine kikawa chembamba kuliko ganda la kitunguu. Hukitia dawa ya rangi, akasubiri huku akivuma wimbo wa kanisani. Seli zikigeuka kahawia nzito chini ya darubini, kichocheo cha ukuaji kimezidi, na hiyo ni dalili mbaya ya saratani. Wimbo hukatika hapo hapo, na wenzake wa chumba cha pili hujua majibu ni mabaya.

Wagonjwa wenyewe haonani nao. Lakini Jumatatu moja Mama Mbuke, aliyemleta mumewe mchimbaji wa dhahabu kutoka Bulyanhulu, alikosea mlango akamkuta kazini. Alipojua ndiye anayepima vile vipande, hakutoka.

"Baba, mume wangu hamezi hata uji. Amebaki mifupa. Sasa hicho kinachokua kooni kinakula nini?"

Mpaka rangi alikuwa na jibu la darasani, akaona halisemeki mbele ya mama huyu.

"Kinamla yeye, mama. Mwili wenyewe unakiambia kikue, kama ulivyomwambia yeye alipokuwa mtoto."



"Kumbe mwili haujui," alisema Mama Mbuke taratibu, "kwamba ameshakuwa mtu mzima."

Mpaka rangi aliinuka. Alimsogezea kiti chake, akafunga mlango ili mama alie bila kutazamwa na watu.