Kilimia cha Kariakoo

Mafuriko ya Jangwani niliyoyaona nikiwa kijana yalipita na kitanda. Kitanda kizima cha kamba, kinaelea taratibu kana kwamba kimetandikwa juu ya maji, na juu yake kasimama kuku. Tuliokuwa ukingoni tulikuwa kundi, na tuliporudi mtaani kila mtu alikuwa na kuku wake. Mmoja akasema jogoo. Mwingine akasema bata. Muuza kahawa, ambaye hata bondeni hakufika, akaapa kwamba alikuwa paka na alikuwa analia. Marehemu mke wangu alihadithiwa na watu wengi kabla yangu, akasema, "Kitanda nimekikubali, maana kila anayekuja anacho. Huyo mnyama wenu mtajuana naye wenyewe."

Mimi niliishia darasa la nne, na kilichonitoa shule si habari ya leo. Ila maneno hayo ya mke wangu yalinirudia uzeeni, mbele ya kompyuta ya mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi picha, umri wa kuwa mwanangu. Alipanga kile chumba cha juu kabisa kwenye ghorofa ninayokaa na binti yangu, karibu na matangi ya maji. Mchana yuko Mchafukoge kwenye kistudio chake, anapiga picha za pasipoti. Unazijua zile: unaingia na fulana iliyochanika shingo, unatoka na suti na tai, kompyuta imekuvisha. Jioni anarudi, anasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, anaielekeza mbinguni. Mimi baada ya magharibi hupanda kutafuta upepo, maana chini kule majenereta ya maduka yanapumua joto kama ng'ombe. Basi tukazoeana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo nani anataka pasipoti huko juu?"

"Kilimia, mzee."

Nikacheka. Vile vijinyota vilivyojikusanya, ambavyo wazee walivitazama ndipo wakashika jembe, mimi niliviacha utotoni. Mbingu ya Bongo ina rangi ya chai ya maziwa, taa zimeikoroga. Nikatazama aliponyoosha kidole, sikuona kitu ila ndege inashuka.

Lakini yeye hakuwa anacheza. Mama yake, huko kusini, alianguka akienda kisimani, nyonga ikaumia, na anakaa peke yake. Fundi alitaka kumleta akae naye, awe karibu na matibabu hapo Upanga. Mama hataki. Aliwahi kuja, kila jioni akawa anatazama juu, kisha akarudi kwao akisema hawezi kuzeekea mji usio na Kilimia. Mtu atajuaje mwaka umefika wapi? Ndipo mwanawe akaamua kumwonyesha kwamba kipo. Akikiona, atakuja. Aliliamini hilo sana, na kwa kumtazama usoni, nami nikaliamini.

Picha moja peke yake haikuwa na kitu. Chenga tupu, kama televisheni ya zamani mvua ikinyesha. Kwa hiyo alipiga nyingi, za mahali palepale, na Jumapili moja mchana tukakaa chumbani kwake, dirishani katundika khanga kuzuia mwanga, kompyuta ikawa inazipanga moja juu ya nyingine, kila nyota juu ya nyota yake.

"Chenga kila picha zinakaa pengine," akaniambia. "Nyota haiondoki. Ukizirundika zote, chenga zinafutana, nyota inabaki."

"Kama kitanda," nikasema.

"Kitanda gani tena, mzee?"

Nikamhadithia. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema basi kompyuta yake ndiyo mke wangu. Nikamwambia asimsingizie marehemu, hakuwa anachemka tumbo kama mashine ile.

Halafu tukasogelea kioo, maana Kilimia kilikuwa kinatokea. Sijui niseme vipi. Ule ukungu ulitulia polepole, kama mashapo yanavyotulia mtungini, na giza likawa giza safi, la zamani. Ikaja nyota moja, zikaja na nyingine, zimejikunyata pamoja kama watoto wenye baridi, na kando yao moshi mwembamba wa buluu, kama wa udi. Nilisahau miguu yangu iko wapi. Mtaani mtu alikuwa ananadi mashuka kwa spika, na sauti yake ikanifikia kutoka mbali sana, kama vile nyumba nzima imeng'oka na kupanda.

Kingoni picha haikuwa nzuri. Mbingu inasogea, kwa hiyo kila picha imepishana na mwenzake, pembeni pamechanika vidato. Na kwenye kona tangi letu la maji lilikuwa limeburutwa likawa kivuli. Akavikata vyote. Mkono ulishazoea pasipoti: Kilimia akakiweka katikati kabisa, nafasi kidogo juu, nafasi kidogo chini, mabega sawasawa.

"Acha basi hata ncha ya paa," nikamwambia.

"Paa linaharibu, mzee."

Akaituma kwenye simu ya jirani wa mama yake. Jioni mama akapiga, fundi akaweka sauti ya nje nisikie.

"Nimekiona. Kizuri. Ulikipiga hapahapa ulipokuja Idi."

"Hapana mama, ni hapa Kariakoo, juu ya nyumba."

"Nyumba iko wapi humu?"

"Mama, wallahi."

"Picha zako nazijua mimi! Si wewe uliyemvisha mjomba wako suti? Mtu kaingia kaburini hajawahi kuvaa hata soksi, ukutani kafunga tai!"

Nilicheka, na haikuwa vizuri kucheka.

Akaanza upya. Kilimia kilipoanza kulalia magharibi, alipanua picha, akaliacha tangi na lile ghorofa linalojengwa jirani. Sasa ikawa vita. Ukilinganisha nyota, nyumba zinatembea. Ukilinganisha nyumba, nyota zinakuwa mikwaruzo. Nikamuuliza kwani hawezi kuzishona mbili pamoja.

"Naweza. Wenzangu wanafanya. Lakini kwa mama hiyo itakuwa suti tena."

Akatuma ileile iliyoburutika, nyota zimesimama, Kariakoo inateleza chini yake. Mama alipopiga tulikuwa juu, adhana ya isha ndiyo kwanza imekwisha.

"Hii ndiyo Dar," akasema. "Hii naiamini. Nyumba zenu lini zikatulia?"

"Basi utakuja, mama?"

"Uko nje?"

"Niko nje."

"Weka hiyo kompyuta. Tazama kwa macho yako. Unakiona?"

Angeweza kusema ndiyo. Alitazama muda mrefu, shingo nyuma, simu mkononi, na nilitamani aseme ndiyo.

"Sikioni, mama."

"Mimi nimekaa mlangoni kwangu," mama akasema, kwa upole sana. "Kipo hapa."

Simu ikakatika, fundi akaitia mfukoni. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kibegi begani. Kamera akaiacha imesimama.

"Nakuja, mzee," akasema.

"Haya, baba."

Nikasikia malapa yake kwenye ngazi, ghorofa hadi ghorofa, mpaka kelele za mtaa zikayameza. Hakurudi tena; alibaki kusini, mlangoni kwa mama yake.