Nilimpakia Baba Mkwe Asiyeona Kwenye Gari Linalochemsha

Nimekosa jamani, na wa kumsingizia sina. Naandika bila jina kwa sababu ukishafanya aibu, Mwanza inakuwa ndogo kama kiganja, na ukoo wa mume wangu una watu kila kona. Ila nikikaa kimya roho inanisuta. Halafu nacheka peke yangu jikoni mpaka watoto wananishangaa. Acha nikwambie wewe.

Nilimdanganya mzee asiyeona. Baba mkwe wangu mwenyewe!

Mimi naishi Mkolani, nina watoto wawili na kaduka ka vitambaa mjini. Mwaka jana nilinunua gari. Si jipya, nililinunua mkononi kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Lakini mwenzangu, nililipenda lile gari! Nililiosha hata siku ambazo halikutoka nyumbani.

Tatizo lake lilikuwa moja, linachemsha. Nikalipeleka kwa fundi, akafungua boneti, akaniambia bila kunificha, "Mama, rejeta inavuja hii. Hapa mjini utazunguka nalo, ila usisafiri nalo mpaka nibadilishe."

Nikamwambia nimesikia. Hela ya rejeta nilikuwa nayo mkobani. Nikatoka pale, nikapita madukani, nikanunua kava za siti na redio yenye skrini kubwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Redio!

Na ile taa nyekundu ya joto kwenye dashibodi, iliyokuwa inawaka kila mara? Nikaibandikia stika ya ua. Ilikuwa inanikera.

Sasa baba mkwe. Yeye ni mkulima wa machungwa na mihogo kule Nansio, Ukerewe. Mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili miaka mingi, akawa mtu wa kuongozwa kwa mkono. Mimi nimeolewa akiwa tayari haoni. Sura yangu alikuwa haijui, wala za wajukuu zake. Alikuwa anatupapasa tu usoni watoto wakicheka.

Ndipo shemeji yangu anayefanya kazi Singida akapiga simu. Wamekuja madaktari wa macho, mzee aletwe haraka. Mume wangu, Masatu, akasema ataomba ruhusa kazini ampeleke kwa basi.

"Basi?" nikaruka. "Baba apande basi wakati mkwewe ana gari?"

"Fundi anasemaje?"

"Anasema liko safi."

Uongo mkavu, bila hata kupepesa! Sikutaka ukoo ule useme gari langu ni la kuendea sokoni tu.

Mzee akaletwa Mwanza kwa meli. Nikapakia madumu ya maji kwenye buti, yeye nikamkalisha kiti cha nyuma, maana kwetu sisi mkwe hakai bega kwa bega na baba mkwe. Tukaondoka. Kila nikisikia harufu ya kuungua nasimama, nafungua boneti polepole, namimina maji.

"Mbona tumesimama, mama?" mzee anauliza.

"Naangalia viazi vitamu, baba. Vizuri hivi!"

Mbele kidogo tena. "Na hapa?"

"Vitunguu, baba."

"Haya mama, nunua."

Mungu wangu, nilikuwa najiona mjanja! Tulifika Singida salama, nikampigia Masatu nikamtambia.

Mzee akafanyiwa upasuaji. Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwepo. Alipepesa macho, akamtazama mwanawe, yule shemeji yangu wa Singida, akaanza kulia bila sauti. Kisha akanigeukia mimi.

"Huyu ndiye mkwe wangu? Mbona mfupi hivi? Sauti yako ni ya mtu mrefu!"

Wodi nzima ilicheka. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya kurudi tuliondoka alfajiri. Tulikuwa tunawahi meli ya mchana ya kwenda Nansio, maana mama mkwe alikuwa ameshachinja mbuzi, akaalika majirani na kwaya ya kanisani waje kumpokea mumewe gatini. Kwa hiyo nilikanyaga mafuta. Na kwa sababu ya haraka, nikaamua kutosimama kuweka maji. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mzee kule nyuma alikuwa kama mtoto. Anasoma kila kibao kwa sauti. "Igunga! Nzega! Mama, tazama yule ng'ombe ana madoa! Kumbe siku hizi watu wanaezeka bati za buluu!" Mimi naitikia tu, macho barabarani.

Tulipopita Shinyanga akasogea mbele kidogo. Kisha akasema, "Mama, hako kaua hapo mbele yako ni kazuri. Ila mbona kanawaka chini yake?"

Lo! Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba sasa anaona!

"Ni pambo, baba."

"Ahaa," akasema.

Hatukufika mbali. Karibu na Mabuki gari likaanza kukohoa, moshi mweupe ukafunika kioo chote cha mbele, likatetemeka na kuzima. Nusu yake iko barabarani, nusu pembeni. Malori yanatupita yanapiga honi hadi mwili unasisimka. Nikashusha mikono kutoka kwenye usukani.

"Mama."

"Abee, baba."

"Leo hatununui viazi?"

Nakwambia nilitamani ardhi ipasuke! Nikageuka taratibu. Mzee ametulia na miwani yake myeusi aliyopewa hospitali, anatabasamu.

"Mimi nilikuwa mgonjwa wa macho, masikio yangu mazima," akasema. "Maji yakimiminwa nasikia. Na viazi ulivyonunua vyote vile, hata kimoja hatukula. Nikasema, mkwe wangu anaona aibu, nisimuumbue."

Nikashuka, nikakaa kwenye nyasi, nikalia. Nikamweleza yote, fundi alivyosema, hela nilivyoifanya, redio, hata ile stika. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anilaani.

"Ungeniambia tu," akasema. "Tungesimama mara nyingi zaidi, na mimi ningenyoosha miguu." Kisha akauliza, "Hiyo redio inafanya kazi?"

"Inafanya, baba."

"Iwashe basi tuisikie. Si ndiyo imetukwamisha hapa?"

Basi redio ikapigwa, na akina mama waliokuwa wanapalilia shamba la jirani wakasikia, wakaja na majembe yao. Walipoona lile gari lilivyokaa vibaya wakasema lisukumwe haraka. Ila nani ashike usukani? Mzee kusukuma hawezi, daktari amemkataza kuinama na kubeba kitu kizito. Na bila mimi kusukuma nguvu haitoshi.

"Nitashika mimi," mzee akasema.

"Baba, wewe hujawahi kuendesha gari!"

"Hata kuona nilikuwa siwezi, mbona sasa naona?"

Tulikubali, tungefanyaje? Nikamwonyesha breki, nikamwambia akunje kushoto taratibu. Tukasukuma, mimi na viatu vyangu vya kisigino. Gari likasogea, mzee ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo ameinyoosha kama askari wa gwaride. Akagundua honi. Jamani, ile honi! Aliipiga mpaka tulipofika chini ya kivuli, wale mama wakapiga vigelegele.

Hapo tena ikasimama pikapu. Akashuka mama mmoja Mhindi, mtu mzima, mfanyabiashara wa Mwanza mjini, anajiita Mama Shirin. Nikajiandaa kumweleza shida kwa upole. Yeye akapiga salamu, "Mwadila!" kwa wale mama, wakaanza kupiga Kisukuma kilichonyooka kuliko changu mimi niliyezaliwa Kwimba!

Akanigeukia. "Wewe umempakia mgonjwa kwenye gari bovu?"

"Ndiyo, mama."

"Huna adabu. Haya, lete kamba, tufunge."

Tukavutwa kuelekea Mwanza mwendo wa konokono. Nilikuwa nashika breki huku naangalia saa. Meli ilikuwa imeshaondoka.

Kumpigia mama mkwe ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Nyuma yake nasikia kwaya inafanya mazoezi. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Hatutafika leo. Gari limekufa, na kosa ni langu."

Akawanyamazisha wanakwaya. Kisha akasema, "Mpe simu mume wangu."

Mzee akaipokea kwa furaha. "Mke wangu, nimeendesha gari!"

Nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka upande wa pili, "Hao madaktari wamekupasua macho au wamekupasua kichwa?"

Jioni tukafika Mkolani. Masatu alikuwa amesimama getini. Hakufoka. Aliangalia kamba, akaangalia boneti, akaniuliza taratibu, "Fundi alisema liko safi, siyo?"

Nikamtazama mzee anitetee. Akatikisa kichwa. "Mwambie mwenyewe, mama."

Nikamwambia. Masatu akaingia ndani bila neno. Heri angenitukana siku ile, kuliko ule ukimya. Ulichukua wiki nzima kuisha, na mpaka leo nikisema "niko njiani" anauliza njia ipi.

Asubuhi yake, tunakunywa chai, bajaji ikasimama nje. Mama mkwe! Alipanda meli ya kwanza, hakutaka kungoja. Mzee alikuwa amekaa kibarazani na shati lake la kanisani. Akasimama. Yule mama akaacha kapu pale pale mlangoni.

Walitazamana.

"Kumbe umezeeka hivi," mzee akasema.

"Na wewe je? Huko hospitali hawakukupa kioo?"

Mzee akamsogelea, akamshika mashavu, akamwangalia kama mtu anayesoma barua kutoka kwa mpendwa wake. "Lakini ni wewe," akasema. Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Masatu akageukia ukutani akajifanya anatafuta simu.

Nilidhani nimesahaulika. Wapi! Mama mkwe alipojifuta machozi akanigeukia, "Na wewe! Mbuzi wangu kaliwa na watu ambao hata shukrani hawana! Utanipikia mwingine, na utamlipa wewe!"

Nikapika. Ilinibidi.

Gharama? Gasketi iliungua, injini ikashushwa yote. Ile redio niliuza kwa bei ya kutupa, na kwa miezi kadhaa nilibeba majora yangu ya vitambaa kwa bodaboda. Kule Nansio nikishuka melini watoto wananipokea kwa wimbo, "Mama Rejeta kaja!" Mzee ndiye aliyewafundisha.

Ndugu zangu mnaonunua magari mkononi, nisikilizeni. Fundi akisema usisafiri, usisafiri! Usinunue pambo na hela ya matengenezo. Na kama umeshampakia mtu na gari lina ugonjwa, mwambie kabla hamjatoka, ili uamuzi uwe wake pia. Mimi nilibahatika, nimepewa mkwe mcheshi. Wewe wa kwako unamjua?