Marahaba za Akiba

Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye tumbo la kuheshimika, ndiye aliyenieleza pale mgahawani Mikumi huku akichovya chapati kwenye chai: mtu aliyepigwa kiharusi hubakiwa na maneno machache tu, kama salio la simu. Akiyamaliza, na yeye amekwisha. Shemeji yake huko Tunduma aliimba wimbo mzima kanisani Jumapili, Jumatatu hakuiona. Nikaamini. Mimi, mhitimu wa kidato cha nne kwa masomo ya jioni, niliyesoma baiolojia usingizi ukinivuta masikio, niliamini yote, pamoja na hiyo Jumatatu.

Mke wangu alikuwa amepigwa kiharusi. Kabla ya hapo alichoma mahindi kando ya barabara kuu, na sauti yake, wallahi, ilisimamisha malori. Tembo wa hifadhini nao waligeuza masikio. Mimi aliniita Mwanafunzi, kwa sababu nilianza masomo ya jioni nikiwa na mvi. Nikirudi kutoka darasani alininyooshea kijiko. "Haya Mwanafunzi, hiki Wazungu wanakiitaje?" Nikikosea, nyumba nzima inacheka, yaani yeye peke yake.

Ugonjwa ulimwachia mkono mzito na kumpotezea maneno. Akili timamu, anajua anachotaka, ila akitafuta "chumvi" anatoa "ile, ile," kisha machozi. Mtaalamu wa tiba ya kuongea, dada mmoja aliyekuwa akija kliniki Kilosa mara chache, alinifundisha mazoezi ya nyumbani: mwonyeshe kitu, mwanzishie sauti ya kwanza, halafu usimjibie. Sasa mwenye kunyoosha kijiko nikawa mimi. "Ki..." Nasubiri. Kuku wanapita. Lori linapita. "...jiko."

Neno moja tu lilitoka bila kusukumwa. Watoto wa shule wakipita na "Shikamoo bibi!" yeye hujibu "Marahaba!" safi kabisa, kama hajawahi kuugua. Watundu wale wakawa wanazunguka nyumba na kurudi tena, shikamoo, shikamoo, naye marahaba, marahaba, huku anacheka.

Ndipo nikasikia ya dereva. Nilifika nyumbani nikihema kama nimekimbia kutoka Iringa. Marahaba zote zile zimeshakwenda! Mimi nangoja aniite Mwanafunzi, mara moja tu, na hawa wanamaliza akiba. Nikawafukuza. "Piteni kule kwa jirani, bibi kapumzika!" Kijiko nikakirudisha kabatini. Mimi mwenyewe nikaacha kumsemesha, asije akalazimika kunijibu.

Barabara yetu hailali. Honi, breki, muziki wa baa. Ndani, ulisikia ugali ukimezwa. Mimi ninayeweza kupiga soga na ndoo ya maji nikawa namhadithia mbuzi wa jirani habari za siku, na mbuzi naye akachoka akahama kivuli. Mke wangu alikaa mlangoni saa za watoto kutoka shule. Walipita upande wa pili, vichwa chini. Midomo yake ilicheza kidogo, ikatulia. Nikajisemea, heri, anaweka akiba.

Siku ya kliniki tulipanda basi la Kilosa. Njiani, kijiji cha Ulaya kilikuwa na gulio siku hiyo, akapanda binti mmoja na tenga la kuku, akamwinamia mke wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," nikawahi mimi.

Binti akanishangaa. Mke wangu akageukia dirishani, na uso wake sikuuona tena mpaka Kilosa.

Mtaalamu alinyoosha kijiko. "Ki..." Mke wangu akakitazama, akanitazama mimi, akafumba mdomo.

"Mbona hiki alikuwa anakisema? Nyumbani anaongea na nani?"

Nikamweleza kwa fahari yote: salio, shemeji wa Tunduma, watoto nilivyowadhibiti. Mke wangu naye ndiyo kwanza anasikia. Muda wote ule hakujua kwa nini nimenyamaza. Labda alidhani nimemchoka. Akaushika mkono wa shati langu kwa vidole vyake vizima, akauvuta kwa nguvu, machozi yanamtoka. "Mwa..." akasema. "Mwa..." Nikafungua mdomo nimmalizie. Mtaalamu akanikata jicho, nikaufunga. Neno halikufika.

"Baba," mtaalamu akasema, "huyo dereva kakudanganya. Maneno hayaishi. Asipoyatumia ndiyo yanazidi kuwa magumu. Waite wale watoto warudi, na wewe uongee naye kila siku, hata asipokujibu."