Swali Nililomuuliza Mzee Chen Mezani

Nakumbuka mchana mmoja pale Woolwich, London, mwanangu, nilipofungua mdomo kwa woga, na hadi leo natamani ningeufumba.

Nilikuwa kijana, napakia magunia ya mchele na makatoni ya sosi kwenye ghala la Mchina mmoja, Mzee Chen. Kibali changu cha kukaa Uingereza kilitegemea kazi ile; kazi ikienda, nami naenda. Kila mchana wafanyakazi wote tulikula meza moja, na Mzee mwenyewe ndiye aliyetupakulia, akianza na mkubwa wetu kwa umri, Mama Lin, mpishi. Kwao tajiri ni baba wa nyumba, hafukuzi mtu wake ovyo.

Kisha uchumi ukayumba. Migahawa tuliyoiuzia ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa Mzee, aliyesomea biashara chuo kikuu, akaanza kutuzungukia ghalani bila hata salamu. Wallahi, nikisikia viatu vyake nilijificha nyuma ya magunia.

Siku hiyo Mzee anapakua, hofu ikanishinda. Nikasema kwa sauti, "Mzee, tuambie ukweli. Nani anafukuzwa? Au hata wewe hujui?"

Mzee akaweka upawa, akainuka, akatoka. Mwanawe akatabasamu.

Mama Lin akanivuta jikoni. "Umefanya nini wewe? Alishaamua sote tupunguziwe siku za kazi, asiondoke mtu. Ungemfuata ofisini na kikombe cha chai, angekuambia. Sasa umemvua nguo mbele ya mwanawe!"

Kwa aibu ile, Mzee hakurudi tena mezani. Mwanawe akashika uongozi, na Ijumaa akasoma majina. Mimi nilibaki. Mama Lin, na miaka yake ishirini ya kazi, akaambiwa aondoke. "Mpishi wa nini," kijana alisema, "na watu hawali tena pamoja?"

Najua kazini kwako wameanza kupunguza watu, mwanangu, nawe unaogopa. Mimi pia naogopa kwa ajili yako. Lakini usimbane mkubwa wako mbele ya watu, hasa ukiona naye kashikwa na hofu. Mfuate faraghani, keti naye, muulize kwa adabu. Mungu akulindie riziki yako, na akuepushe usije ukabaki kazini kwa kumponza mwenzako, kama nilivyobaki mimi.