Nilichotoka Nacho Hekaluni

Nyenze ndio tuliowasikia kwanza, kabla ya kuona jiwe lolote. Walilia kwa pamoja, kama mashine ya kukerezea vyuma, nasi bado tunapanda kilima, mtoto wa madamu amelala begani kwangu. Kisha nguzo zikatokea: saba zimesimama, nyingine zimelala majanini vipande vipande. Lilikuwa hekalu la Wagiriki wa kale. Halikuwa na paa, wala ukuta, wala mtu wa kuja kusali.

Madamu alinisogelea kivulini. Nilikuwa nimemfanyia kazi miezi minane nyumbani kwake Doha. Mwenzangu, dada mmoja wa Tanga, alikuwa amemlea yule mtoto tangu azaliwe, mwaka wa tano sasa. Safari hii nilichukuliwa mimi, yeye akaachwa aangalie nyumba.

"Tukirudi, mwenzako anakwenda kwao," madamu alisema, macho kwenye nguzo. "Mtoto atakuwa wako. Usimwambie. Akianza kuagana naye, mtoto atalia mwezi mzima."

"Sawa, madamu," nikasema. Niliogopa kuipoteza kazi.

Tuliporudi Doha, nyumbani mtaa wa Abu Hamour, dada alinipokea kwa chai ya tangawizi. Nikaanza kumsimulia hekalu.

"Hebu ngoja," akanikatiza. "Mmepanda ndege mpaka huko kuangalia nyumba isiyo na paa? Si mngekuja kwangu Tanga! Nami ninayo, na mbuzi wa jirani wamo ndani."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaniuliza, "Na madamu, alisemaje huko?"

Pale ndipo ningesema. Badala yake nikarudi kwenye nguzo, na rangi zinayochukua jua likishuka, na ubaridi wa yale mawe ukiyagusa upande wa kivuli. Najua kupamba maneno. Siku ile niliyapamba ili nijifiche nyuma yake.

Wiki ya pili mtoto akapelekwa kwa bibi yake, mtaa wa Al Sadd, eti akacheze na binamu zake. Dada alimsuka, akamfunga viatu, akamwonya asile pipi nyingi. Hakumkumbatia zaidi ya siku zote. Nilikuwa naosha vyombo, nikaendelea kuosha.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, madamu aliweka pasipoti na tiketi juu ya meza ya jikoni, akatoka. Dada alivitazama, akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu kule kwenye mawe."

"Kazi ni yao, mdogo wangu. Wangenirudisha wakati wowote. Lakini jana mtoto anaondoka, mimi namwambia habari za pipi."

Alikuwa amekwisha kufunga begi lake dereva wa madamu alipopiga honi. Dada akavaa baibui, nikanyoosha mkono nimsaidie begi, akalivuta upande wake. Akatoka kwa mlango wa jikoni, akaufunga taratibu sana, kama tulivyozoea kuufunga mtoto akiwa amelala.